Kulisoma Maximum PC ukiwa Kampala

Jarida hili la kompyuta la Marekani lilianza 1996 kwa jina la boot, likaitwa Maximum PC mwaka 1998, na toleo la karatasi likakoma 2023. Kwa fundi, matoleo yake ya zamani yana faida hadi leo, hasa makala za kuunda kompyuta zenye picha kwa kila hatua. Yale ya Dream Machine, kompyuta ya ndoto ya kila mwaka, ni ya kutazama tu. Bei zake hazituhusu.

Shida ni kwamba liliandikiwa wasomaji wenye umeme wa volti 120. Soketi zetu Uganda zinatoa 240. Ukiletewa mashine ya mtumba kutoka Marekani, angalia nyuma ya pawasaplai (boksi linaloipa kompyuta umeme) kabla ya kuchomeka waya. Nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu ya 115/230. Ikiwa kwenye 230, umeme wetu hugeuzwa kuwa volti 340 hivi za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri), zikagawanywa kwa kapasita mbili kubwa, yaani vipande vinavyohifadhi chaji: 170 kila moja, na kapasita hizo kwa kawaida ni za volti 200. Ikiachwa kwenye 115, kila kapasita hupelekewa 340. Utasikia mlio, fyuzi itaungua, na pengine kapasita zitapasuka. Kubadilisha fyuzi peke yake hapo ni kupoteza hela. Lebo ikisema 100–240V, hakuna cha kugeuza. Ikisema 115V tu bila swichi, tafuta pawasaplai nyingine. Wala usiifungue mara tu baada ya kuichomoa, kapasita hubaki na chaji.

Vipimo vya joto vya jarida hilo navyo visomwe kwa akili. Kama walipima kwenye chumba cha nyuzi 22 na duka lako lina 28, ongeza sita kwenye prosesa, na hapo bado hujahesabu vumbi jekundu kwenye feni.

Kuhusu UPS (betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika), usitazame VA (volti mara ampea) peke yake, tazama na wati. Ya 650 VA mara nyingi hubeba wati 360 au 390 tu. Tena pawasaplai zenye PFC amilifu (saketi inayorekebisha jinsi zinavyovuta umeme) zinaweza kujizima pale umeme unapokatika, kwa sababu UPS za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aichomoe UPS ukutani huku kompyuta ikiwa na kazi nzito.