Je, wajua kwa nini keshia wa England anaweza kumnyima mvinyo mama wa miaka 40?

Mama yuko kwenye foleni ya supamaketi, London. Bintiye wa miaka 16 anachukua chupa ya mvinyo rafuni, anauliza, "Ni hii?" Keshia amesikia. Anaiweka chupa chini ya kaunta: haiuzi. Mama anawaka. Bei imebandikwa, pesa anazo, umri anao!

Tuanze na bei. Kwa sheria ya England, bidhaa iliyo rafuni ni mwaliko tu. Mteja ndiye anayetoa ombi la kununua pale anapoifikisha kwa keshia, na ombi laweza kukataliwa. Mahakama ilisema hivyo mwaka 1953, katika kesi ya duka la dawa la Boots huko Edgware, ambako wateja walijichukulia bidhaa wenyewe. Hata mkate unaweza kunyimwa.

Pombe ina uzito zaidi kwa sababu adhabu humfuata aliyeuza, hata kama ni kibarua wa siku mbili. Sheria ya leseni ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia mtu aliyelewa (kifungu cha 141, faini hadi pauni 1,000) na aliye chini ya miaka 18 (kifungu cha 146, faini haina kikomo). Mtu mzima akimnunulia mtoto, kosa ni la mnunuzi, ila duka linalofumba macho linaweza kuitwa leseni yake ichunguzwe upya. Ndiyo hofu ya keshia wetu, ingawa kufuatana na mwanao dukani si ushahidi wa chochote. Swali moja la upole lingetosha.

Maduka mengi humdai kitambulisho yeyote anayeonekana hajafika miaka 25, ili kuacha nafasi ya kukosea. Kitambulisho cha kushika mkononi lazima kiwe na picha, tarehe ya kuzaliwa, na hologramu (alama inayong'aa na kubadilika ukiigeuza) au alama inayoonekana kwa mwanga wa urujuanimno (ultraviolet). Hapo ndipo wengi hukwama: wanaonyesha picha ya pasipoti kwenye simu. Keshia hawezi kuigeuzageuza aone hologramu iking'aa, basi anakataa.

Akishakataa, huandika kwenye daftari: tarehe, saa, kinywaji, sura na mavazi ya mteja, sababu. Wakaguzi wakija, daftari tupu huwatia shaka kuliko lililojaa.

Hiari hiyo ina mpaka. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakataza kumnyima mtu huduma kwa rangi, dini, jinsia au ulemavu wake. Mtego mkubwa ni ulemavu: aliyepata kiharusi anaweza kuburuta maneno na kuyumba bila kuonja tone. Ndiyo maana keshia mzoefu hatosheki na dalili moja. Hunusa pumzi, hutazama macho, huuliza jambo dogo asikie jibu. Mteja aliyebaguliwa anaweza kufungua kesi ya madai, kwa kawaida ndani ya miezi 6.