Milipuko ya magonjwa ikigongana kijijini: maswali na majibu kwa zahanati za Lindi na Mtwara

Mvua za kusini huwa ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Ndipo visima huingiliwa na maji machafu, mbu huongezeka na njia za Liwale au bonde la Mto Ruvuma hukatika. Magonjwa hayasubiriani zamu, na msaada wa wilayani unaweza kuchelewa.

Kipindupindu kimeshatangazwa. Kwa nini tuendelee kupima malaria?

Kwa sababu mlipuko ukishapata jina, kila mgonjwa huhesabiwa wa jina hilo, na hapo ndipo tunapoteza watoto ambao wangepona. Kipindupindu mara nyingi hakina homa. Mtoto anayeharisha huku mwili unachemka apimwe malaria palepale. Kipimo cha haraka kikiwa chanya, usifunge jalada: mtoto anaweza kuwa na malaria na surua pamoja, na vipimo vingi huendelea kuonyesha chanya wiki kadhaa baada ya tiba. Ruangwa, Julai 2022, wagonjwa walikuja na homa na kutokwa damu puani. Vipimo vya Ebola na Marburg vikatoka hasi, ikabainika ni homa ya mgunda, inayoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine. Kama wangebaki na dhana ya kwanza, tiba ingepotea njia.

Tuna vyumba vitatu na muuguzi mmoja. Tuanzie wapi?

Mlangoni. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akae nje kivulini, kabla ya foleni. Asiyeweza kunywa, mwenye degedege, aliyepoteza fahamu au anayepumua kwa shida aingie moja kwa moja. Wengine waulizwe: unaharisha maji? Una homa na vipele? Una homa tu?

Surua ndiyo ya kutenga haraka kuliko yote, maana virusi vyake huweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Mtoto mwenye vipele, macho mekundu na kikohozi asikae kwenye benchi hata kidogo. Asubiri chini ya mkorosho upande wa pili, kisha apewe chumba chake chenye madirisha wazi. Wanaoharisha wawe na njia na choo chao, mbali na kliniki ya wajawazito. Kosa tunaloliona sana ni kambi moja ya "wagonjwa wa mlipuko": mtoto anaingia na kipindupindu, anatoka na surua.

Mgonjwa anaharisha maji na gari halipo. Tufanye nini?

Usisubiri gari, anza ORS (chumvi maalumu ya kurudisha maji mwilini) sasa hivi. Pakiti ya lita 1 huchanganywa na lita 1 kamili ya maji salama. Kuimimina yote kwenye chupa ya nusu lita hufanya chumvi izidi, na hiyo ni hatari kwa mtoto. Mchanganyiko uliopita saa 24 umwagwe.

Aliyepungukiwa maji kiasi apewe mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4, yaani mtoto wa kilo 10 anywe mililita 750. Mpe kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10, endelea taratibu zaidi. Mama asiache kunyonyesha. Mtoto wa miezi 6 na zaidi apewe zinki miligramu 20 kwa siku, aliye chini ya hapo miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14.

Aliyelegea, macho yamezama na hawezi kunywa anahitaji dripu ya Ringer (maji yenye chumvi za mwili), mililita 100 kwa kilo. Kuanzia mwaka 1: mililita 30 kwa kilo ndani ya dakika 30, na 70 zilizobaki kwa saa 2 na nusu. Chini ya mwaka: hizo 30 kwa saa 1, kisha 70 kwa saa 5. Dripu ya glukosi peke yake haiokoi, kwa kuwa hairudishi chumvi zilizopotea.

Mgonjwa wa malaria akitapika dawa mseto?

Ndani ya dakika 30, rudia dozi. Akiendelea kutapika, ni sindano ya atesuneti.

Mwenye surua apewe nini?

Vitamini A, leo na kesho: yuniti 50,000 chini ya miezi 6, 100,000 kwa miezi 6 hadi 11, 200,000 kuanzia mwaka 1. Abaki ametengwa hadi siku 4 tangu vipele vitokee.

Klorini tunachanganyaje?

Kwa Jiki ya asilimia 3.5, kikombe 1 na maji vikombe 6 hutoa asilimia 0.5, ya kusafishia sakafu na vitanda. Chukua kikombe 1 cha mchanganyiko huo, ongeza maji vikombe 9, upate ya kunawia mikono. Tengeneza upya kila siku na uifunike, jua huidhoofisha. Kamwe usiichanganye na sabuni ya chooni yenye asidi. Hutoa hewa ya sumu.

Taarifa iende kwa nani?

Mganga mkuu wa wilaya, siku hiyohiyo, kwa simu. Mwananchi apige 199 bila malipo. Andika umri, tarehe ya dalili ya kwanza, chanzo cha maji, na kitongoji, si kijiji tu, maana kisima chenye tatizo huwa cha kitongoji kimoja. Sampuli ya choo ichukuliwe kabla ya antibayotiki. Kipindupindu kikishathibitishwa, hamna haja ya kupima kila anayeharisha. Vipimo vilivyobaki wawekewe wagonjwa wa vitongoji vipya.