Pointi za mchezo si akiba

Juzi mpwa wangu aliniita mbele ya runinga: bei ya pointi za EA Sports FC, mchezo wa video wa soka, kitufe cha kulipia kikimsubiri. "Mjomba, hii si hasara. Ni kama akiba, nikichoka nauza." Imani hiyo ni ya siku nyingi na imewatoa vijana wengi hela, ndiyo maana naona ieleweke vizuri.

Ukilipia pointi, hununui mali. Masharti tunayoyakubali bila kuyasoma yanakupa ruhusa tu ya kuzitumia ndani ya mchezo. Hazigeuzwi tena kuwa fedha. Kuuziana sarafu za mchezo huo pembeni kumekatazwa, na akaunti inaweza kufungwa pamoja na vyote vilivyomo.

Halafu kila mwaka hutoka toleo jipya. Kikosi chako cha Ultimate Team, sehemu ya mchezo ambamo unajijengea timu yako, hata yule mshambuliaji uliyemsaka miezi mitatu, hakihamii huko. Unaanza upya na wachezaji dhaifu.

Tena pointi nyingi huishia kwenye pakiti za wachezaji, ambazo hujui zina nani mpaka uzifungue. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kuwa pakiti za namna hii ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA, kampuni inayotengeneza mchezo huo, ikaacha kuuza pointi hizo nchini humo.

Sikumkataza. Nilimuuliza: hela hii ukiihesabu imekwenda leo hii, raha utakayoipata inatosha? Akanyamaza kidogo, akarudi nyuma, akachagua kifurushi cha chini kabisa.