Uvimbe chini ya fuvu ambao si kansa

Mzee aliingia kitambaa amekibana sikio la kulia. Miezi miwili hajalala. Maumivu hupanda usiku mpaka utosini, na wiki ile mdomo ulikuwa umeenda upande. CT skani ilionyesha uvimbe chini ya fuvu, mfupa umelika. Karatasi aliyokuja nayo ilisema kansa ya nyuma ya pua. Mwanawe alinivuta pembeni: "Daktari, baba aanze mionzi lini?"

Nilimwomba anipe nafasi nimulike sikio. Kwenye sakafu ya tundu, pale gegedu linapokutana na mfupa, kulikuwa na kinyama chekundu chenye usaha. Sukari ya damu ilikuwa 19, juu mno. Mzee wa kisukari, kinyama mahali pale, maumivu ya usiku: hapo mimi hufikiria kwanza maambukizi ya mfupa, mara nyingi ya bakteria aitwaye Pseudomonas, yaliyotoka sikioni na kutambaa chini ya fuvu mpaka kwenye neva ya uso. Mwaka 1968 James Chandler wa Marekani aliyaita maradhi "mabaya" (kwa Kiingereza "malignant", neno litumikalo pia kwa kansa) kwa sababu yaliua wengi, na neno hilo hadi leo linawafanya watu wadhani ni kansa.

Lakini kufikiria si kujua. Nilikata vinyama sikioni na vingine nyuma ya pua, vya ndani, maana cha juu juu hudanganya. Nusu viliingia kwenye fomalini kwenda patholojia, nusu kwenye maji ya chumvi ili vijidudu vioteshwe. (Ukivitia vyote kwenye fomalini umeshaua vijidudu. Naletewa vya hivyo kila mara.) Jibu la "hakuna kansa" likija na mgonjwa haendelei vizuri, narudia kukata.

Prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili, sitoi kabla ya majibu, hata nikibembelezwa. Upo uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili yenyewe, kama ule wa IgG4 (aina ya kingamwili), unaoyeyuka kwa dawa hiyo. Limfoma, kansa ya chembe za kinga, nayo husinyaa kwa muda, kipimo kikakosa cha kuonyesha. Na kama ni fangasi, umempa chakula.

Kwa mzee ilikuwa Pseudomonas. Nilimpa antibiotiki: sindano za seftazidimu, kisha vidonge vya siprofloksasini, wiki nane kwa jumla, na insulini bila mzaha. Matone ya sikio peke yake hayafiki mfupani. Maendeleo niliyafuata kwa maumivu na ESR, kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na maambukizi. Picha ya MRI huchelewa kutulia hata mtu akipona.

Wiki ya tatu alilala usiku kucha. Mdomo haukurudi wote. Chai bado anainywea upande wa kushoto.