Kompyuta ya gemu: skrini kwanza, kadi baadaye

Mtu anayetaka kuunda kompyuta ya kuchezea gemu huanza na swali lilelile: ninunue kadi gani ya grafiki? Mzoefu humjibu kwa swali jingine: utachezea kwenye skrini gani? Muulizaji hudhani anazungushwa, kumbe jibu limeshaanza. Skrini ndiyo inayopanga kadi itachora pikseli (nukta za picha) ngapi, na mara ngapi kwa sekunde. Kadi nayo ndiyo inayoonyesha prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kiasi gani inatosha na pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani) iwe na wati ngapi. Wengi huifuata njia hiyo kinyumenyume, wakaiacha skrini inunuliwe mwisho kwa chenji iliyobaki. Dhana kadhaa ninazozieleza hapa zimeota kwenye kosa hilo.

"Skrini ni skrini tu, pesa yote iende kwenye kadi"

Tufanye hesabu. Skrini ya 1920×1080, yaani 1080p, ina pikseli 2,073,600. Ya 2560×1440, au 1440p, ina 3,686,400, yaani karibu mara 1.8. Ya 3840×2160, maarufu kama 4K, ina 8,294,400, mara nne kamili ya ile ya kwanza. Kwa kila fremu, yaani kila picha moja katika mfululizo, kadi inaanza upya kuzipaka rangi zote hizo. Ndiyo maana kadi inayotamba kwenye 1080p yaweza kuhema kwenye 4K, hali gemu ni ileile na mipangilio ni ileile.

Kinyume chake nacho ni hasara. Ukiweka kadi ya bei ya juu mbele ya skrini ya 1080p yenye Hz 60, itatoa fremu 200 na skrini itakuonyesha picha 60 kwa sekunde, basi. Sitasema fremu za ziada hazina faida yoyote, kwa sababu zinapunguza kidogo muda kati ya kubofya na kuona, lakini faida hiyo haifanani na bei uliyolipa.

Ukubwa nao una hesabu yake. Inchi 24 kwa 1080p ni takriban pikseli 92 kwa kila inchi. Ukienda inchi 27 kwa 1080p ileile zinashuka hadi 82 hivi, na ukiwa umekaa umbali wa mkono maandishi huanza kuonyesha meno. Inchi 27 kwa 1440p ni takriban 109. Kwangu mimi hapo ndipo penye raha kwa kadi za daraja la kati, na anayesukumwa kwenda 4K na muuzaji ajiulize kwanza kama bajeti yake itaweza kulisha pikseli milioni nane.

"Jicho halioni zaidi ya fremu 30"

Wengine husema 24, wengine 60. Hiyo 24 ilitoka kwenye sinema. Filamu zilipopata sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, mkanda ulihitaji mwendo usiobadilika ili sauti isiyumbe, na fremu 24 zikawa mapatano kati ya ubora wa sauti na gharama ya mkanda. Hakuna aliyekuwa akipima kikomo cha jicho. Isitoshe, fremu ya filamu hubeba ukungu wa mwendo unaoziunganisha picha, wakati fremu ya gemu mara nyingi ni kali kama picha ya pasipoti, na anayeisogeza ni mkono wako mwenyewe. Mkono hugundua ucheleweshaji upesi.

Kwenye Hz 60 fremu moja hukaa milisekunde 16.7. Kwenye Hz 144 hukaa 6.9, na kwenye Hz 240 hukaa 4.2. Kutoka 60 kwenda 144 umeokoa karibu milisekunde 10, ilhali kutoka 144 kwenda 240 huokoi hata tatu. Hatua ya kwanza karibu kila mtu anaiona. Ya pili wanaifaidi hasa wachezaji wa gemu za ushindani za kulenga na kufyatua.

Hapa nikiri jambo. Nilinunua skrini ya Hz 144, nikaisifia kwa marafiki miezi mizima, kisha siku moja nikafungua mipangilio ya mfumo nikakuta imewekwa kwenye 60. Kuiunganisha hakutoshi, lazima uende ukachague kasi yake. Angalia na kebo pia: HDMI 1.4 haivuki Hz 30 kwenye 4K, HDMI 2.0 hufika 60, na kwa 4K ya Hz 120 unahitaji HDMI 2.1 au DisplayPort 1.4. Na kebo ichomekwe kwenye kadi, si kwenye ubao mama (ubao unaounganisha vifaa vyote). Kwenye kasha la kawaida lililosimama, matundu ya ubao yako juu, ya kadi yako chini yake yakiwa yamelala. Kompyuta nyingi "zisizo na nguvu" zimepona kwa kuhamisha waya huo mmoja tu.

"Skrini ya Hz 144 haina maana kama hupati fremu 144"

Ingekuwa kweli zamani, skrini ilipokuwa inapiga mdundo wake na kadi wake. Siku hizi skrini nyingi za gemu huisubiri kadi: fremu ikiwa tayari ndipo inaonyeshwa, kwa hiyo fremu zikipanda na kushuka kati ya 80 na 110 picha haikatiki wala hairukiruki. NVIDIA, kampuni ya kadi za grafiki, ilileta mbinu hiyo kwa jina la G-Sync mwaka 2013 ikitegemea kifaa maalumu ndani ya skrini, mshindani wake AMD akafuata na FreeSync inayotumia kanuni ya wazi ya DisplayPort. Tangu Januari 2019 kadi za NVIDIA nazo zinakubali skrini za kanuni hiyo ya wazi, kwa hiyo anayekuambia lazima ulipe zaidi kwa skrini "ya NVIDIA" amechelewa miaka. Kwa kompyuta ya uwiano sifa hii ni ya kutafutwa kabla ya zote, maana inaisamehe kadi isiyofika kileleni.

"Kikokotoo cha mtandaoni kimesema prosesa itaibana kadi yangu kwa asilimia 17"

Hii ndiyo dhana inayowapotezea watu pesa kuliko zote, tena imevaa suti ya hisabati.

Kwa kila fremu kuna kazi mbili. Prosesa inakokotoa nini kimetokea: adui amesogea wapi, risasi imegonga nini, ukuta umeanguka upande gani. Kisha inaipa kadi maagizo ya kuchora. Mwendo wa gemu ni mwendo wa yule aliye mzito kati ya hao wawili. Sasa, kazi ya prosesa haibadiliki sana ukiongeza pikseli, kwa kuwa adui ni yuleyule kwenye 1080p na kwenye 4K. Ya kadi inabadilika mno. Kwa hiyo prosesa ileile na kadi ileile, kwenye 1080p yenye mipangilio ya chini, mzito anaweza kuwa prosesa. Ukihamia 4K, mzito anakuwa kadi. Ukifungua gemu ya kujenga miji yenye wakazi maelfu, prosesa inarudi kulemewa hata kwenye 4K. Asilimia moja itakayoyaeleza yote hayo haipo.

Na mbano hauepukiki. Daima kuna mmoja anayemsubiri mwenzake, isipokuwa umeweka kikomo cha fremu mwenyewe. Ni afadhali anayelemewa awe kadi, kwa sababu mzigo wa kadi unapungua kwa kugusa mipangilio: vivuli, mwanga, rezolusheni (idadi ya pikseli). Mzigo wa prosesa una vitufe vichache sana vya kuupunguza.

Pima mwenyewe. Weka takwimu kwenye pembe ya skrini unapocheza. Kadi ikiwa kwenye asilimia 95 hadi 99, inafanya kazi uliyoinunulia. Ikizurura kwenye 60 na hujaweka kikomo chochote, prosesa haiwahi. Njia nyingine ni kushusha rezolusheni: fremu zikibaki palepale, tatizo si kadi. Ila usidanganywe na asilimia ya prosesa nzima. Gemu nyingi huegemea uzi mmoja au nyuzi mbili za kazi, na kwenye prosesa ya viini 16 (sehemu zinazofanya kazi sambamba) kiini kimoja kilichojaa kabisa ni kama asilimia 6 tu ya jumla. Prosesa inaweza kuonyesha 30 huku imeshachoka.

"Viini vingi na gigahezi nyingi ndiyo prosesa bora"

AMD ilitoa prosesa ya Ryzen 7 5800X3D mwaka 2022. Ina viini vinane, sawa na ndugu yake 5800X, na kasi yake ya juu ni GHz 4.5 dhidi ya 4.7 za huyo ndugu. Kwa karatasi ni ya chini. Kwenye gemu nyingi ikampita, na ikaipita hata 5950X yenye viini 16. Siri ni kumbukumbu ya ndani ya prosesa: MB 96 badala ya 32, kiasi kwamba viini haviendi kila mara kungoja data kwenye ramu (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta). Gigahezi zilinganishe ndani ya familia moja tu. Na viini vingi ni vya mwenye kuhariri video au kutengeneza picha za 3D. Kama ndiwe, vinunue kwa sababu hiyo, sio kwa sababu ya gemu.

"Kadi yenye kumbukumbu nyingi ndiyo yenye nguvu"

Kadi ya NVIDIA RTX 3060 iliyotoka na GB 12 inashindwa na RTX 3070 yenye GB 8 kwenye gemu nyingi. Kumbukumbu ni ukubwa wa meza, sio wepesi wa mikono. Lakini usikimbilie upande wa pili: meza ikijaa, kadi inaanza kuchota vitu kwenye ramu ya kompyuta na gemu inashtuka-shtuka hata kama wastani wa fremu unaonekana mzuri. GB 8 zinaanza kubana kwenye gemu mpya zenye mapambo ya juu, hasa ukipanda 1440p kwenda juu.

Ramu na diski

Kuongeza ramu kutoka GB 32 hadi 64 hakuongezi fremu kama zile 32 hazikujaa. GB 16 ni kima cha chini cha leo, 32 ni kukaa kwa nafasi. Kinachosahaulika ni kwamba vijiti viwili vya GB 16 hushinda kimoja cha 32, maana prosesa husoma kwa njia mbili kwa pamoja. Kwenye bao nyingi zenye nafasi nne huwekwa ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa. Kisha ingia BIOS (programu ya msingi ya ubao mama) uwashe XMP au EXPO, mipangilio ya kasi kamili ya ramu, la sivyo ramu iliyoandikwa 6000 itatembea kwa kasi ya chini ya kiwandani. DDR4 na DDR5, vizazi viwili vya ramu, hazibadilishani hata kidogo. Pengo la kijiti liko mahali tofauti.

Diski: kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD, diski isiyozunguka, ni mbingu na ardhi. Kutoka SSD ya SATA (njia ya zamani ya kuunganisha), MB 550 hivi kwa sekunde, kwenda NVMe (njia mpya) ya 7,000, gemu nyingi hufunguka mapema kwa sekunde chache, na fremu karibu hazibadiliki. M.2, SSD ya kijiti inayochomekwa kwenye ubao mama, ni umbo tu. Zipo za SATA humo.

"Pawa saplai ya wati 850 itakula umeme wa wati 850"

Huvuta kinachohitajika. Vifaa vikitaka wati 450 na ufanisi ukiwa asilimia 90, ukutani zitatoka wati 500, iwe pawa saplai ni ya 650 au ya 850. Alama ya 80 PLUS inapima huo ufanisi, haiapi kwamba vilivyomo ndani ni imara, kwa hiyo soma uchambuzi wa waliozifungua na kuzipima. Acha nafasi ya juu pia: kadi kubwa, mfano RTX 3090 ya wati 350, huruka mbali juu ya hapo kwa milisekunde chache, na pawa saplai iliyobanwa huzima kompyuta katikati ya pambano. Na usichanganye kebo za pawa saplai mbili tofauti hata kama zinaingia vizuri. Upande wa pawa saplai hauna mpangilio mmoja wa pini, na diski zimeungua kwa kosa hilo.

"Milisekunde 1" na "HDR" kwenye boksi

Hiyo milisekunde 1 mara nyingi imepimwa kwenye hali kali ya kuharakisha pikseli ambayo huacha kivuli cheupe nyuma ya kila kinachosogea. Ukiiwasha utaizima siku hiyohiyo. Paneli ni kioo cha skrini chenyewe: za VA zina weusi mzuri lakini nyingi huburuta kwenye sehemu za giza, IPS ni za wastani wa kuaminika, OLED ni nyepesi kweli lakini picha isiyosogea ikikaa muda mrefu inaweza kuacha alama. Neno HDR, picha zenye tofauti kubwa ya nuru na giza, peke yake linamaanisha skrini inayapokea tu mawimbi hayo. Hata cheti cha DisplayHDR 400 hakidai mwanga wa nyuma ugawanywe kwa maeneo, na bila hilo giza na nuru vinaishia kuwa kijivu.

"Fremu za kubuniwa ni sawa na za kweli"

Kuna mambo mawili yanayochanganywa. Mbinu za DLSS, FSR na XeSS huchora picha kwa pikseli chache kisha kuikuza: 4K kwenye hali ya ubora huchorwa kwa 1440p, kwenye hali ya kasi kwa 1080p. Hilo linapunguza mzigo kweli, na linabadilisha hesabu ya kadi gani inatosha. Kubuni fremu za katikati, yaani kadi kukisia picha kati ya mbili zilizochorwa, ni jambo jingine. Kunalainisha mwendo machoni, lakini hakufupishi muda wa mkono kujibiwa. Ukianza na fremu 30 utaona 60 na kuhisi 30.

"Nunua cha juu kabisa leo, hutagusa tena miaka kumi"

Kadi ya juu leo itakuwa ya kati baada ya vizazi viwili, na bei uliyolipa hairudi. Kinachodumu ni soketi (mahali prosesa inapochomekwa) iliyo hai, yaani inayoendelea kutolewa prosesa mpya, na skrini nzuri. Waliojenga kwenye soketi ya AMD ya AM4 na Ryzen za kwanza za 2017, wengi wao wameweza kuchomeka 5800X3D kwenye ubao uleule baada ya kusasisha BIOS. AM5 ya 2022 inapokea DDR5 pekee, kwa hiyo anayehamia huko anabadilisha na ramu. Ukifuata njia ya kubadilisha prosesa tu, soma orodha ya mtengenezaji wa ubao ujue toleo la BIOS linalotakiwa, na uliweke wakati prosesa ya zamani bado iko ndani. Ukiitoa kabla ya hapo, ubao usio na kitufe cha kusasishia BIOS bila prosesa hautawaka mpaka uirudishe.