Mboga imenawiri, kwa hiyo udongo ni salama? Hapana bwana

Hapa Uganda ukimwambia mtu udongo wake una metali nzito kama kadimiamu na risasi (ile metali, lead) anakucheka, anakuonyesha dodo (mchicha) imestawi na mayuni (majimbi) ya pale kinamasi cha Nakivubo, Kampala, majani mapana, anasema sumu ingekuwepo si vingekauka?

Si lazima vikauke. Kilembe kule Kasese walichimba shaba toka 1956 mpaka mgodi ukafungwa 1982, mabaki yakaachwa huko huko na mto Nyamwamba ukifurika unayashusha bondeni, na watu wanalima tu. Mimea mingi inavumilia, na moja ya siri zake ni gesi inazojitengenezea yenyewe ndani ya seli, kama hidrojeni salfaidi na naitriki oksaidi.

Wengine wanasema aah, hidrojeni salfaidi si ile inanuka yai viza, hiyo ni sumu. Ikizidi ni sumu kweli, inaua hata mtu. Lakini mmea unatoa kidogo sana kutoka kwa asidi amino inaitwa sisteini, na hicho kidogo ni firimbi ya askari tu, mwizi wanamkamata wengine: vimeng'enya vya kupunguza uharibifu wa oksijeni kali vinaongezeka, glutathaioni, kemikali ya kinga ya seli, inatengenezwa, kutoka hapo zinapatikana faitokelatini ambazo zinaishika kadimiamu na kwenda kuifungia kwenye vakuoli, yaani kifuko cha kuhifadhia ndani ya seli, mbali na kazi za seli. Naitriki oksaidi nayo inafanya kazi ya aina hiyo, ndo ile ile inayolegeza mishipa yetu ya damu, iliyowapa watu watatu Nobel mwaka 1998.

Ila usidhani naitriki oksaidi inasaidia kila mara. Kwenye arabidopsisi, kimmea cha maabara, imeonekana ikifanya mizizi ivute kadimiamu zaidi kupitia mlango wa kuingizia madini ya chuma.

Na ukiuliza kama kuna dawa ya gesi hizi ya kupuliza shambani, kwenye majaribio wanatumia kemikali za kutoa gesi hizo, dozi ndogo za kupimwa, so asikuuzie mtu chupa.

Halafu kuna hii ya "nitaosha vizuri". Maji yanatoa vumbi la barabarani lenye risasi, hapo uko sawa, osha. Lakini kadimiamu iliyopita kwenye mizizi imefungiwa ndani ya jani, gesi haikuitoa wala haikuiyeyusha, na hata uchemshe namna gani haiozi, ni elementi. Mmea umejiokoa wenyewe, wewe unayeila hukuwa kwenye hesabu zake.