Kubanwa pumzi usiku: tunayoambiana na yaliyo kweli

Shangazi yangu wa Moshi alianza kwa kuongeza mto mmoja. Baadaye ikawa mitatu, mwisho akawa analala amekaa kwenye kochi sebuleni, na ukimuuliza anasema ni baridi ya mwezi wa saba. Saa saba au saa nane usiku alikuwa anashtuka hana pumzi, anakwenda dirishani, anafungua, anasimama pale kama robo saa mpaka atulie. Tukaamini dawa yake ni ile hewa ya nje. Kumbe ni kule kusimama.

"Ni baridi tu"

Mtu akilala chali, maji yaliyotuama miguuni mchana kutwa hurudi kwenye mzunguko wa damu. Moyo wenye nguvu huyasukuma bila mwenyewe kujua. Moyo uliochoka haumudu, na maji huanza kujaa kwenye mapafu. Ndiyo maana mtu anashtuka saa moja au mbili tatu baada ya kulala, na akikaa au kusimama anapata nafuu. Shangazi alikuwa na presha ya miaka mingi, na vidonge alimeza siku kichwa kinapomuuma tu. Jioni kandambili zilimbana. Ukibonyeza juu ya ugoko, kidole kiliacha kishimo. Yote haya tuliyaona, hakuna aliyeyaunganisha.

Wala usiseme moyo ni ugonjwa wa wazee. Mtoto akiugua koo lenye bakteria mara kwa mara bila tiba, milango ya moyo inaweza kuharibika, akaja kubanwa pumzi akiwa kijana. Mwanamke naye moyo unaweza kudhoofika mwezi wa mwisho wa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua. Mzazi anayeshindwa kulala chali asiambiwe ni uchovu wa kunyonyesha.

"Jinamizi limemkaba"

Jinamizi lipo, ila si mtu. Ni akili kuamka kabla ya misuli: unaona chumba, huwezi kuinua hata kidole, kifua kizito kama kimekaliwa. Hupita baada ya sekunde au dakika chache, na muda wote huo unaendelea kupumua. Shangazi alitembea hadi dirishani. Aliyekabwa na jinamizi hatembei.

"Pumu mtu huzaliwa nayo"

Pumu inaweza kuanza ukubwani, na hupenda kuzidi usiku wa manane kuelekea alfajiri. Wengine hawapigi hata mluzi, ni kikohozi kikavu tu kinachowaamsha. Vumbi la godoro, moshi wa kuni na hewa baridi huichokoza, kwa hiyo hapo wanaosingizia baridi wana haki kidogo. Lakini mapafu yaliyojaa maji nayo huweza kupiga mluzi, basi usiazime dawa ya kuvuta ya jirani ukajitibu kwa kubahatisha.

"Anayekoroma amelala fofofo"

Wengi wao hawajalala vizuri hata kidogo. Njia ya hewa kooni inafunga, mkoromo unakatika, kimya, halafu mtu anakurupuka kama aliyepaliwa. Unene huchangia, na mbege au bia za jioni hulegeza koo zaidi. Mwenyewe asubuhi hakumbuki. Shahidi ni mwenzake wa kitandani. Mwulize yeye, au mwambie arekodi kwa simu. Hali hii huenda sambamba na presha isiyoshuka, kwa hiyo si jambo la kuchekeana harusini.

Anayeamka na uchachu mdomoni, koo likiwaka, aangalie ndizi nyama ya saa nne usiku kabla ya kutafuta kingine: asidi ya tumbo ikipanda hadi kooni hukaba.

"Arusha iko juu mno, hewa nyepesi"

Mji uko kama mita 1,400. Matatizo ya mwinuko kwa kawaida huanza kuanzia mita 2,500, basi ni habari ya wapagazi na waongoza wageni wa Kilimanjaro. Huko juu Kibo kupumua kwa kukatika katika usingizini ni kawaida. Lakini anayehema akiwa amepumzika, anakohoa na kutoa povu, ateremshwe usiku huohuo, asingojee kuche.

Kuna na hili la kuingiza jiko la mkaa chumbani ili "kifua kifunguke". Gesi yake ya sumu haina harufu, na mara nyingi haimwamshi mtu kabisa.

Wasiwasi nao huamsha watu wakihema, ni kweli, ila lisemwe baada ya moyo na mapafu kupimwa. Midomo ikiwa ya bluu, kifua kikiuma, mtu akishindwa kumaliza sentensi, au mguu mmoja ukivimba ghafla na pumzi kukata, ni hospitali saa hiyohiyo.

Shangazi tulimpeleka tukiwa na maelezo marefu ya baridi na dirisha. Daktari alitusikiliza, akamgeukia: "Mama, unalalia mito mingapi?"

Shangazi akatutazama. "Mito nimeshaacha, baba. Nalala kwenye kochi."